Kizimba cha Futi Moja

Nilikitengeneza mwenyewe, sikatai.
Futi moja kwa futi moja, sakafu ya wavu,
rangi ya kijani iliyobaki kwenye mlango wa madrasa.
Nikakipiga kofi ubavuni kama muuza godoro:
"Hiki, mama, hata paka wa Ngamiani aamke na hasira
hakifungui."
Bi Mwantumu Singano akalipa, akaenda zake.
Hakuna aliyeuliza aliye ndani atafanya nini.

Aliye ndani ni hamsta. Kiganja kimoja cha manyoya,
rangi ya chai ya maziwa, aliyeletwa kutoka Dar
katika kopo la biskuti lililotobolewa kwa msumari.
Barabara ya Kumi na Tano nzima ilimwita panya,
naye hakumjibu mtu. Mchana alikuwa amelala.

Mwezi wa tatu kizimba kikarudi,
Nuzulati wa darasa la tano kakikumbatia.
"Fundi, usiku kucha anatafuna waya.
Mama anasema anacheza."
Nikavaa miwani.
Pembeni, pale pale pamoja, rangi imeliwa,
waya umebaki mweupe kama jino,
na pua yake, Mola wangu, pua imeota kipara.
Miaka thelathini na moja niko na mbao.
Najua alama ya mchwa, najua alama ya maji.
Hii sikuwahi kufundishwa, nikaisoma hivyo hivyo:
huyu hachezi. Huyu anaomba mlango.

Mtoto akachukua tepu yangu, akaivuta sakafuni
mpaka ikagonga mguu wa meza.
"Kwao huchimba," akasema. "Na usiku hukimbia
mbali kuliko hapa na Chumbageni."

Basi tukaanza upya.
Mita moja urefu, nusu mita upana,
sakafu ya mbao, maana vidole vyake
ni vyembamba kuliko punje ya mpunga na wavu huvichubua.
Maranda kina cha shibiri, nimeyachekecha
vumbi la msumeno litoke, lisimzibe pumzi.
Nyuzi za mkonge nilizitaka, za kwetu hapa hapa.
Nuzulati akakataa: humfunga mguu.
Karatasi laini tu, tandiko atajitandikia.
Kigae cha mtungi uliovunjika, akilalie Februari
bati linapochemka.
Gurudumu kalitengeneza Kupaza wa baiskeli,
beringi ya pedali, kifuniko cha ndoo ya rangi,
bila spoku, mguu usinaswe,
pana, mgongo usipinde.

Wapita njia wakapata la kusema.
"Mhina, panya unamjengea ghorofa?"
Mwingine, kwa huruma kabisa: "Mtafutieni mwenzake.
Kidole kimoja hakivunji chawa."
Nuzulati akajibu bila kuinua kichwa:
"Wakiwa wawili watauana."
Nikanyamaza. Methali zetu ni za watu
wanaokula sinia moja.
Kumbe yuko kiumbe ambaye heshima yake ni kuachwa,
asiamshwe adhuhuri ili wageni wamwone.

Siku ya kumaliza nilichelewa kufunga.
Sekiete, mwanafunzi wangu, keshalala
chini ya meza ya kazi, baina ya makopo ya gundi,
magoti kidevuni.
Mwaka wa pili huo. Mimi ndiye niliyempa pale,
nikamwambia, "Hapavuji."
Tepu ilikuwa bado mkononi.
Sikuwa na haja ya kupima. Nikapima.

Asubuhi tukahamisha mbao zote za stoo.
Hakuniuliza kwa nini, sikumweleza.
Nilibeba upande mzito.

Wateja bado huja, wanataka cha futi moja, cha bei ndogo.
Nawaambia sitengenezi. Huenda Makorora, na watakipata.
Kile cha kijani nimekitundika ukutani,
nimekijaza misumari ya inchi tatu.
Misumari haihitaji kugeuka.
Misumari haina usiku.